Kabla ya Mradi, Tujuane

Hotuba ya mwenyekiti anayemaliza muda wake katika klabu ya Rotary, Mombasa, siku ya kukabidhi uongozi

Mama mwenyekiti wetu mpya, wazee wa klabu, ndugu zetu mliotoka klabu jirani za kisiwani na za ng'ambo ya Nyali na Likoni, vijana wetu wa Rotaract, tawi la vijana la Rotary, nanyi wageni mnaoketi nasi leo kwa mara ya kwanza: salaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote.

Mwaka wa Rotary, jumuiya yetu ya klabu za huduma, huanza tarehe 1 Julai, kila mahali duniani, ndiyo maana klabu nyingi hubadilishana uongozi msimu huu. Ada ni kwamba anayeondoka asome ripoti ya miradi. Ripoti imechapishwa na iko pale mezani karibu na birika la chai. Kila mmoja achukue yake akaisome nyumbani kwa utulivu. Muda niliopewa nataka niutumie kwa jambo ambalo ripoti haina mahali pa kuliandika, nalo ni kuketi kwetu kila Jumanne jioni.

Miezi hii nimesikia wenzetu kadhaa wakisema, tena kwa nia njema kabisa, kwamba vikao vimezidi. Kwamba tuwe na kundi la WhatsApp la kutangaziana kazi, tukutane siku ya mradi, basi. Saa nzima ya chai, salamu, faini na maneno ya kuchekeshana, wanasema, ingeweza kutumika kwa huduma. Wanaosema hivi ni watu wachapakazi na nawaheshimu. Lakini nasema mbele yenu, na nalisema kwa moyo wangu wote: tukiondoa vikao, miradi yenyewe haitafika mbali. Nipeni nafasi nieleze kwa nini naamini hivyo.

Tuanzie kule Rotary ilikozaliwa. Tarehe 23 Februari 1905, mjini Chicago, Marekani, wakili mmoja aitwaye Paul Harris alikutana na wenzake watatu katika ofisi ya mhandisi wa madini Gustavus Loehr. Wa tatu, Silvester Schiele, aliuza makaa ya mawe. Wa nne, Hiram Shorey, alikuwa mshonaji nguo. Harris alilelewa na babu na bibi yake katika mji mdogo wa jimbo la Vermont, mahali ambapo kila mtu anamjua baba wa kila mtu. Chicago alikuta mji mkubwa ambapo watu husalimiana kwa sababu ya biashara na kila mmoja akashika njia yake. Alikuwa mpweke. Ndicho kilichomfanya aite wenzake. Wakakubaliana wawe wanakutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, safari nyingine kwa yule.

Nawaomba mliangalie hili vizuri, hasa nyinyi wageni. Siku ile hapakuwa na mradi wowote. Hapakuwa na mtoto wa kusomeshwa wala kisima cha kuchimbwa. Walitaka urafiki, na tuseme ukweli, walitaka pia kununuliana bidhaa wao kwa wao. Huduma ilikuja baadaye, mwaka 1907, klabu ile iliposhikilia kwamba katikati ya jiji pajengwe vyoo vya umma. Vyoo! Mradi wa kwanza wa jumuiya hii kubwa ulikuwa kumsitiri mpita njia. Na walioweza kuusukuma mbele ya wakubwa wa jiji ni watu waliokuwa wameshaketi pamoja miaka miwili, wanajua nani ana subira, nani ana ulimi mtamu, na nani akisema nitakuja, atakuja.

Sisi watu wa Mombasa hatukungoja kufundishwa haya na Chicago. Kina bibi zetu wa Mji wa Kale na Majengo walikuwa na makundi yao ya lelemama. Mwenye kuona kwa nje aliona ngoma, mavazi ya sare na ushindani wa nani ameandaa karamu kubwa zaidi. Ndani yake kulikuwa na vyeo, michango na wajibu. Mwenzao akiozesha, kundi zima liko jikoni. Mwenzao akifiwa, kundi zima liko matangani. Na baadaye, kutoka katika makundi hayohayo, walitoka kina mama walioanzisha vyama vya maendeleo na kuhimiza masomo ya wasichana. Hawakuanza na mpango wa elimu. Walianza na kujuana, na walipofika kwenye elimu walikuta jeshi limeshapangika.

Nalitaja hili pia kwa sababu nyingine. Rotary ilikuja kufungua mlango kwa wanawake dunia nzima mwaka 1989 tu, baada ya kesi iliyofika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Rais wa kwanza mwanamke wa Rotary ya kimataifa, Jennifer Jones wa Kanada, alishika uongozi mwaka 2022. Wakati huo wote, katika mji huu, wanawake walikuwa wakiendesha vyama vyenye nidhamu na hazina. Kwa hiyo, mama mwenyekiti, unapokaa kwenye kiti hiki leo, mimi naona umerithi kwa njia mbili, na ya pili ni ya zamani kuliko klabu yetu.

Sasa nije kwenye kazi zenyewe, maana msije mkadhani nasifu chai kwa ajili ya chai.

Damu. Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, nitaikalia kidogo. Ukanda wetu wa Pwani una watoto wengi wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu ambayo madaktari wanaieleza vizuri: mtu aliyerithi jeni ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, basi penye malaria ya miaka na miaka, urithi huo umeenea. Akirithi kwa wazazi wote wawili, mtoto anaumwa, na wengi wao huja kuhitaji kuongezwa damu. Weka hapo kina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Weka na ajali za barabarani, ambazo vijana wa bodaboda wanazijua kuliko sisi. Wote hawa wanasubiri chupa moja ileile ya takribani mililita 450.

Na damu haiwekeki kama mchele. Chembe nyekundu, hata zikihifadhiwa vyema kwenye jokofu, hukaa siku 35 hadi 42 kutegemea dawa ya kuhifadhia. Zile za kugandisha damu hudumu siku 5 tu. Haiwezekani tukafanya tamasha moja kubwa la kutoa damu mwezi wa sita, tukapiga picha, tukapumzika hadi mwaka mwingine. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne, na mji unahitaji watu wanaorudi. Wachangiaji wakubwa wa nchi hii kwa muda mrefu wamekuwa wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa, mapipa ya barafu yanarudi matupu. Ramadhani vivyo hivyo, maana mchana watu wamefunga.

Tulifanya nini? Kwenye Ramadhani tulihamisha kambi ikawa usiku, baada ya tarawehe, watu wameshafuturu na kunywa maji ya kutosha. Wazo hilo halikutoka kwenye kamati. Lilitoka mezani, Jumanne, wenzetu wawili wakizungumza habari nyingine kabisa. Mmoja ni muuguzi, mwingine ni mzee wa msikiti, na kama si chai ile wasingekuwa na sababu ya kukaa kiti kwa kiti. Mzee alikwenda kuzungumza na imamu. Muuguzi alikwenda kuzungumza na wakubwa wake kuhusu zamu za usiku. Ndani ya muda mfupi mambo yakawa.

Na waliokuja kutoa, wamekuja kwa mwito wa mtu. Bango la barabarani linajulisha, sikatai, lakini mtu anayeogopa sindano hatolewi nyumbani na bango. Anatolewa na dada yetu mwenye duka la kanga Barabara ya Biashara, anayempigia simu mteja wake na kumwambia, njoo nami, nitakushika mkono. Daftari letu la watoaji damu lina majina, na pembeni ya kila jina kuna jina la mwanachama anayemjua mtu huyo. Miezi mitatu ikitimia, anayepiga simu ni rafiki.

Anayelitunza daftari hilo ni mzee wetu mmoja aliyestaafu bandarini. Sitamtaja, hapendi kutajwa, na yuko hapa. Alipofiwa na mkewe, alikusudia kujitoa klabu. Aliona hana tena nguvu ya kukaa na watu. Hatukumwandikia barua. Wenzetu walikwenda kwake Tudor, wakazika naye, wakakaa naye matanga, na matanga yalipovunjwa wakaendelea kwenda kwa zamu, kila Jumanne alasiri, kabla ya kikao. Wengine walikaa tu barazani wakinywa kahawa. Hakuna aliyemwambia arudi. Alirudi mwenyewe, akaomba kazi ya kufanya, tukampa daftari. Leo kuna wagonjwa mjini humu ambao hawamjui na hawatamjua, na damu imewafikia kwa sababu mzee huyu aliyefiwa hakuachwa peke yake. Wapi kwenye ripoti ya fedha nitaandika kahawa ile?

Wahenga walisema udugu ni kufaana, si kufanana. Klabu yetu haifanani hata kidogo. Zamani klabu za Rotary zilikuwa na kanuni ya kupokea mtu mmoja tu kwa kila taaluma: wakili mmoja, daktari mmoja, muuza vitabu mmoja. Kanuni ile imelegezwa, na vizuri, lakini busara iliyokuwa ndani yake ningependa tuishike. Tukijaza meza kwa wanasheria na mameneja wa hoteli peke yao, nani atajua bomba?

Nasema bomba kwa sababu ya matangi. Mnajua hali ya maji ya mji huu. Maji yetu yanasafirishwa kutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Ukiyakosa, unachimba kisima, na visima vingi vya kisiwani na vya ukanda wa bahari vina chumvi. Lakini mvua tunayo. Mombasa hupata kama milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi zikianguka wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, na kidogo wakati wa vuli. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la darasa lenye mita za mraba 100 linapokea kama lita 100,000 kwa mwaka. Hata ukipoteza sehemu kwa uvukizi na kwa kumwaga yale maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege, bado umebaki na maji mengi ya kunawia na kusafishia vyoo, na ya kunywa pia yakishatibiwa.

Shule moja ya msingi upande wa Kisauni ilikuwa tayari na tangi, zawadi ya wafadhili fulani. Lilikuwa zuri, jeusi, kubwa, na limekauka. Mfereji wa paa uliachana na ukuta, maji yakawa yanamwagika chini na kuchimba msingi wa darasa. Mwenzetu fundi bomba alipanda, akatazama, akasema tatizo ni vishikizo vichache na majani ya mwarobaini. Kazi ya siku mbili. Kilichobaki ndicho kigumu: nani atarudi kusafisha mfereji kabla ya kila masika na kabla ya kila vuli? Fundi huyu anarudi. Anarudi kwa sababu mwalimu mkuu wa shule ile sasa ni mwanachama, wanaketi meza moja, na hawezi kumtazama usoni akijua mfereji umeziba. Hayo ndiyo matengenezo ninayoyaamini mimi.

Juu ya mikoko nitasema kwa ufupi. Tunapanda, tutaendelea kupanda, lakini tusimame chini ya maelekezo ya wavuvi na wanakijiji wa hori lenyewe, wanaojua wapi panamea mkoko, wapi panamea mchu, na maji yakijaa hufika wapi. Mche uliochomekwa pasipo pake kwa ajili ya kamera, bahari inauchukua. Jirani zetu wa Gazi, kule Kwale, wanalinda mikoko yao kupitia Mikoko Pamoja, na mapato ya kuuza hati za hewa ukaa inayofyonzwa na mikoko hiyo yanarudi kwenye maji na shule za kijiji. Twendeni tukajifunze kwao, tukiwa wageni wenye adabu.

Jambo kubwa kuliko yote lililofanywa na Rotary ni polio. Mwaka 1985 jumuiya ilijitwika kazi ya kusaidia kuwachanja watoto wa dunia. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine wakaungana nayo, wakati polio ilikuwa ikikadiriwa kupooza watu 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio, na nchi ambazo virusi hivyo havijawahi kukatika ni mbili tu, Afghanistan na Pakistan. Kazi haijaisha: aina inayotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika bado huzuka pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Na hapa Kenya tunakumbuka mwaka 2013, polio ilipozuka Dadaab.

Sasa jiulizeni, kampeni kubwa namna hii inamalizikia wapi? Inamalizikia mlangoni. Mhudumu ana kisanduku cha barafu begani, matone mawili kwa kila mtoto, wino kwenye kidole cha mwisho, alama ya chaki ukutani, kisha mlango unaofuata. Na kuna milango isiyofunguka. Mama amesikia maneno, ana hofu, na hofu ya mama juu ya mwanawe si ya kuchekwa. Wanachama wetu wa Mikindani na Likoni wamesimama mbele ya milango ile. Aliyefunguliwa ni yule aliyeitwa kwa jina: kumbe ni wewe, karibu, ingia. Kwa hiyo hata mradi wa mabilioni unahitaji mtu aliyekunywa chai mtaani humo.

Ndugu zangu, naomba sasa niseme neno kuhusu nani anaweza kuketi nasi, kwa sababu hapo nina wasiwasi wa kweli. Kwa miaka klabu za mji huu zimependa kukutana hotelini. Chakula cha hotelini kina bei yake, na bei hiyo ni mlango uliofungwa kwa mwenye kibanda Kongowea, kwa dereva wa tuktuk, kwa mwalimu wa madrasa, kwa kijana aliyemaliza chuo juzi. Tulipohamia kwenye ukumbi huu wa shule, kila mwanachama akaleta kitu kwa zamu, leo mahamri na mbaazi, wiki ijayo viazi karai, kulikuwa na walionong'ona kwamba tumeshusha hadhi. Tazameni meza leo. Fundi bomba ameingia kwa sababu ya mahamri. Muuguzi ameingia kwa sababu hiyohiyo. Mama mwenyekiti, hili ndilo ombi langu la kwanza kwako: watakuja watu wazuri kukushawishi turudi hotelini. Wasikilize kwa heshima, kisha tubaki hapa.

Ombi la pili ni la ada. Iliyo ya makao makuu hatuna mamlaka nayo, itatozwa. Lakini sehemu iliyo mikononi mwetu iweze kulipwa kidogo kidogo kila mwezi, na mwanachama aliyekwama asiaibishwe. Mweka hazina amfuate nyumbani kwa salamu kwanza. Mara nyingi anayechelewa kulipa amefikwa na jambo, na wenzake ndio wa kwanza wanaopaswa kujua.

La tatu ni la vijana wa Rotaract. Wanangu, mmekuwa mkitumwa kupanga viti na kubeba maji. Kuanzia mwezi huu mtaketi kwenye meza hizi, mmoja kila meza, siyo kwenye meza yenu pale nyuma. Tumeshakubaliana na mama mwenyekiti. Mzee atakayemwambia kijana asogee, atalipa faini mara mbili, na faini itaingia kwenye mfuko wa matangi.

Wageni wetu, hatutawapa fomu leo. Njooni Jumanne tatu au nne, mtusikilize, mtuone tukibishana, kisha muamue. Jumamosi ijayo kuna kambi ya damu kwenye ukumbi huu, kuanzia saa mbili asubuhi. Muwe mmekunywa chai na kula vizuri, uzito usipungue kilo 50, na kila mmoja aje na jirani mmoja. Mzee wetu mwenye daftari atakuwa mlangoni kuandika majina.

Mama mwenyekiti, kengele na nyundo yake hivi hapa. Ndani ya bahasha kuna orodha ya wenzetu walio wagonjwa na waliofiwa, na zamu za kuwatembelea hadi mwisho wa Agosti. Wiki hii ni zamu ya meza ya kwanza, kwenda Changamwe. Asanteni sana kwa kunisikiliza, na asanteni kwa mwaka wote.